Foleni ya Gurudumu la Lusekelo

Kijiwe chetu kipo Mikumi, pembeni ya barabara kuu ya kwenda Iringa, nyuma ya uwanja yanapopumzika malori. Ni benchi moja refu na jiko langu la mkaa, juu ya jiko birika, na mwenye birika ni mimi, Bibi Anastazia. Shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni kichwani, ila sauti ya mtu ikishaniingia masikioni haitoki. Kwa hiyo haya nayaeleza kama yalivyosemwa tarehe ishirini na saba Desemba, kuanzia saa nane mchana, jua likituchoma hata chini ya turubai. Hatua kama hamsini mbele yetu gurudumu la Lusekelo lilikuwa likizunguka. Mbele ya gurudumu ilikuwepo foleni. Na ile foleni ndiyo iliyofanya watu wanywe kahawa siku hiyo bila kuisikia ladha yake.

Lusekelo ni fundi wa kuchomelea. Miaka miwili aliokota rimu za malori na mabomba yaliyotupwa, anaunga, anakata, anaunga tena, watu wanamcheka, mpaka tukaona kitu kirefu kuliko nyumba ya wageni, viti vinane vinaning'inia, injini ya pikipiki inakizungusha. Kuanzia Kilosa mjini mpaka Vidunda milimani hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kupanda kitu cha namna ile. Hata watu wazima wakifika juu wanafumba macho. Kiwanja alipewa na Mzee Kondo. Alikuwa ameomba kwingine kote, wakamkatalia kwa sababu ya kelele. Basi akachimba mashimo, akasimamisha miguu ya gurudumu, akaimwagia zege. Kuling'oa maana yake ni kulikata vipande.

Jana yake foleni ilikuwa imegeuka ugomvi. Kijana wa Vidunda, Jastin, na kijana wa wafugaji wa bondeni, Lekishon, walisukumana. Lekishon aling'oka jino. Jastin alipasuka juu ya jicho. Sisi wa wilaya hii tunajua kwamba fimbo ya mfugaji ikishainuka upande mmoja na panga la mkulima upande wa pili, hakuna tena anayeuliza ilianzaje. Mzee Kondo alikuja na bakora yake, akasimama katikati mpaka wote wakanyamaza, kisha akamwambia Lusekelo, sauti ya chini kabisa:

— Kesho saa kumi nakuja. Nikikuta mtu anamsukuma mwenzake, andaa msumeno. Chuma chako kitatoka hapa kabla jua halijazama.

Ndiyo maana Lusekelo alikaa na sisi, mikono katikati ya magoti, kikombe chake kimepoa. Mkewe Tumwagile alibaki kule akifunga minyororo ya viti. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya jana. Katikati yake walisimama ndugu watano wa Lekishon na fimbo zao, na hatua chache nyuma yao vijana wa Vidunda walioshuka na Jastin. Hawakuwa wanaongea. Walikuwa wanaangaliana visigino.

Hata benchi letu halikuwa salama. Melkizedek, ambaye tunamwita Breki kwa kuwa aliendesha lori miaka thelathini na kila hadithi yake breki zinakatika, ni mjomba wake Jastin. Tajeu, mlinzi wa nyumba ya wageni, ni baba mdogo wake Lekishon. Siku zote hao wawili hukaa bega kwa bega na kugombania kashata. Siku hiyo kati yao palikuwa na nafasi ya kukaa mtu mzima, na hakuna aliyekaa pale. Nilipompa Breki kikombe ampitishie mwenzake, alikipitisha akitazama barabarani.

— Wazee wangu, akasema Lusekelo, viti ni vinane, siwezi kuviongeza leo. Foleni siwezi kuifupisha. Watu wakingoja sana wanachukia, wakichukia wanapigana. Nisaidieni jambo moja tu: nifanye nini kungoja kuwe kutamu?

Benchini kwetu ukiuliza swali hakuna anayesema hajui. Wa kwanza alikuwa Odilia, ambaye tunamwita Katibu kwa sababu hakuna kamati ya kanisa letu la Anglikana asiyoandika mahudhurio yake. Alieleza kwa kirefu kwamba tatizo ni ukimya. Mtu akinyamaza, alisema, anaanza kuhesabu makosa ya aliye mbele yake. Dawa ni kwaya. Wapange waimbaji kumi na wawili pembeni ya foleni, sauti nne, waimbe mpaka jioni.

— Kwaya ya nani? akauliza Breki.

— Ya kwetu.

— Na Wakatoliki wakisikia wataleta ya kwao. Pasaka ile mlianza pamoja saa tatu, mkashindana mpaka watu wakaenda kula wakawaacha.

— Walitukuta tunaimba.

— Mliwakuta nyinyi.

Lusekelo akaguna kidogo, nafikiri ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa sauti ya kheri siku ile. Lakini pale pale foleni ikatikisika. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapita mbele na wajukuu wake watatu, watu wakirudi nyuma kumpisha, na kurudi kule kukamfanya mmoja wa ndugu wa Lekishon akanyagwe mguu. Aligeuka. Kijana wa Vidunda aliyemkanyaga akainua mikono kuonyesha kwamba naye amesukumwa. Walitazamana muda ambao mtu angeweza kumimina vikombe viwili. Kisha yule mfugaji akageuka mbele. Tajeu, aliyekuwa ameshanyanyuka nusu, akakaa.

Aliyeokoa mazungumzo alikuwa Valentino, wa bodaboda, ambaye tunamwita Chapchap. Huyu kila kitu amekiona kwenye simu. Akatuambia kwamba wazee hatujui dunia imefika wapi. Nje huko kuna viwanja vya michezo vikubwa kama Mikumi yote, watu wanangoja saa mbili kwa mchezo wa dakika tatu, na wanatoka wanacheka.

— Wanacheka nini? nikamuuliza.

— Bibi, kule foleni yenyewe ni mchezo. Inapita kwenye mapango, kuna taa, kuna midoli inaongea. Halafu kuna ujanja mmoja noma sana. Wanabandika kibao: ukisimama hapa utangoja saa mbili. Mtu anajipanga kwa saa mbili. Anafika baada ya saa moja na nusu, anajiona kapata zawadi.

— Yaani wanamdanganya, akasema Odilia.

— Wanamfurahisha, Katibu.

Breki alilipenda hilo, akalichukua na kuondoka nalo kama lori lisilo na mzigo. Alisema pale uwanjani kuna tela bovu, limekaa miaka minne na kuku wanatagia ndani. Foleni ipitishwe humo. Ndani pawe giza, pachorwe simba ukutani, na mtu akae kwenye kona akinguruma. Watoto wakitoka upande wa pili, roho ziko mkononi, hawatakumbuka waliingia saa ngapi.

— Na atakayenguruma ni nani? akauliza Chapchap.

— Mimi. Nimekutana na simba mara tatu Doma pale, gari limezimika. Najua wanavyoanza.

Akanguruma kidogo kutuonyesha. Mbwa aliyelala chini ya benchi akanyanyuka, akatutazama, akahama. Mtu mwingine yeyote angecheka, ila macho ya Lusekelo yalikuwa kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, anapima saa kumi iko mbali kiasi gani.

Odilia akasema giza na vijana waliopigana jana ni mambo mawili yasiyofaa kukaa ndani ya tela moja. Breki akaona aibu kuachwa pale, akaongeza. Basi watu wasisimame kabisa. Kusimama ndiko kunakoleta hasira, kwa sababu damu inashuka miguuni. Lusekelo atengeneze gurudumu la pili, la chini, la polepole, la kulala chali kama jiwe la kusagia. Wanaongoja wakae juu ya hilo, wazungushwe taratibu, mpaka zamu yao ifike wapande lile kubwa.

— Gurudumu la kungojea gurudumu, akasema Odilia.

— Ndiyo.

— Na hilo la kungojea, watalingojea wapi?

Breki akaniomba kahawa.

Hapo nikasikia sauti ya marehemu mume wangu kama yuko nyuma ya sikio. Alikuwa akiniambia, mama Gerald, wewe ukiwa na shida unaongea kila kitu isipokuwa shida. Nikafikiri, benchi zima hili limeolewa na yule mzee.

Tajeu akakigeuza kikombe mkononi, akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuchagua neno moja moja:

— Sisi tukinywesha kisimani, kila boma lina zamu. Ng'ombe waliokunywa wanaondoka. Hawarudishwi mbele ya wale wenye kiu.

Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Chapchap alisema kule kisimani hakuna burudani, ndiyo shida. Breki akasema, bila kumtazama, kwamba watu si ng'ombe. Neno lile halikuwa baya lenyewe, ila lilisemwa na mjomba wa Jastin kwa baba mdogo wa Lekishon, na benchi likawa baya. Tajeu aliweka kikombe chini. Mkono wake ukashika fimbo, si kwa kuinua, kwa kushika tu. Odilia akaanza kusoma sala kwa midomo. Nami nikamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagikia jiko.

Ilikuwa saa tisa na nusu imepita. Wakati huo akaja mtu tusiyemjua.

Alikuwa dada mdogo, labda miaka ishirini na miwili, kitenge kimejaa vumbi la safari, mgongoni mtoto amelala kichwa kimeangukia upande. Alitusalimia kwa kupiga goti, shikamooni wazee, mmoja mmoja, mpaka Chapchap naye akapata ya kwake isiyomstahili, akaipokea. Tukaitikia marahaba. Nikamwambia karibu kahawa, binti. Akasema asante bibi, hakuja kunywa. Jina lake Happyness, ametoka Ulaya, kile kijiji cha huku huku Kilosa, kwa baiskeli tangu juzi, analala kwa muuza nyanya mmoja waliyesoma naye. Hapa Mikumi hana ndugu. Alisikia mwenye gurudumu anakaa hapa.

— Ni mimi, akasema Lusekelo, akisimama. Kuna tatizo?

— Hapana kaka. Nina swali tu. Jana nilingoja mpaka mlipofunga. Leo nimefika saa moja asubuhi, mbele yangu walikuwa watu tisa. Mpaka nilipokuja hapa sikutoka kwenye mstari hata kwenda chooni. Sasa hivi mbele yangu wako ishirini na watatu.

Akamweka mtoto vizuri mgongoni.

— Nilikuwa naomba kujua, mimi ni wa ngapi?

Lusekelo alitazama foleni, akatazama vidole vyake, kama jibu limeandikwa pale. Chapchap, mwenye kujua mambo ya mapangoni na midoli inayoongea, alianza kufuta kioo cha simu. Odilia aliangalia chini.

Maana sisi tulijua. Tulijua wote kwa wakati mmoja, na hilo ndilo lililotuziba midomo. Tangu Krismasi, mimi nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu Imani mara nne. Sikusukuma mtu. Nilifika tu, na vijana wakasema shikamoo bibi, pita mbele, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyolelewa, na mimi nikapita, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyozoea. Breki alipitisha mapacha wa binti yake. Odilia alipitisha darasa zima la Jumapili, watoto sita wakiwa wameshikana mikono. Wazee wote wa Mikumi walifanya vile. Kila mzee aliyefika, foleni iliinama kwa heshima na kurudi nyuma. Aliyekuja bila bibi wala babu alikuwa akisogea kinyumenyume tangu asubuhi.

— Lekishon naye alikuja peke yake, akasema Tajeu.

Kwa mara ya kwanza siku ile Breki akamgeukia.

— Na Jastin. Mama yake anaumwa, hakushuka naye. Jana nani alikuwa mbele, wako au wangu?

— Nilimuuliza. Hajui.

— Na huyu wangu hajui.

— Basi ndicho walichogombania, akasema Tajeu.

Mimi nilikuwa nimeshaenda mbali, nimefika kwenye mashine ya kusaga ya ujana wangu. Tulikuwa tukishuka na madebe ya mahindi kabla hakujakucha, na tulikuwa tunangoja mpaka mchana, tunasukana, tunasengenya, tunacheka mpaka machozi. Sikumbuki foleni tamu kama ile. Hapakuwa na kwaya wala simba. Palikuwa na mwenye mashine, mtu mmoja mfupi mwenye nyusi nyeupe za unga. Siku moja mama mkwe wangu alifika saa nne, akataka kupita na debe lake, sisi wakwe tukampisha. Yule mfupi akalirudisha debe nyuma kwa mkono wake, akamwamkia vizuri, shikamoo mama, kisha akamwambia: mama yangu, hapa nasaga madebe, sisagi umri. Mama mkwe alinuna wiki nzima. Lakini hakuna aliyewahi kupigana kwenye mashine ile.

Sikuwaeleza wenzangu hayo. Nilitazama mbele, nikamwona Imani. Nilikuwa nimemweka pale saa nane, mbele ya wengi, ndipo nikaja kuwasha jiko. Sasa alikuwa wa kwanza, anarukaruka.

Niliondoka nikaacha birika motoni. Nilimshika mkono Imani wakati Tumwagile ameshamfungulia mnyororo. Alilia, nisiseme uongo, alilia kwa sauti mpaka watu wakadhani nimempiga. Nikamvuta kupita urefu wote wa foleni, tukapita ndugu watano wa Lekishon, tukapita Jastin na jicho lake lililovimba, na kila tulipopita walitusalimia, na wale wa nyuma waliponiona nimesimama nyuma yao wakaanza kusogea pembeni.

— Shikamoo bibi. Pita mbele.

— Marahaba mwanangu. Geuka mbele.

Odilia akawatoa sita wake kule mbele, akaja nao, uso umemwiva. Breki akaja na mapacha. Akina mama wengine walitutazama, wakanong'ona, na baadhi yao wakashika watoto wao mikono wakaja, nami nikawatanguliza wote mbele yangu, kwani Imani alikuwa ameshapanda mara nne. Wengine hawakuja, nao nisiwasingizie. Nilimwona Happyness akirudi mahali pake na kutembea hatua nyingi mbele, peke yake, kama mtu anayeogopa kwamba amekosea njia.

Kisha watu wakageuka. Mzee Kondo alikuwa amefika, na hakuja peke yake. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake, kasichana kamevaa nguo ya sikukuu. Bakora mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, alielekea moja kwa moja kwenye viti. Foleni ikaanza kufunguka kumpisha, kwa mazoea. Ndugu wa Lekishon wakarudi hatua moja, migongo yao ikawagusa vijana wa Vidunda. Niliona fimbo moja ikihamishwa kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Lusekelo alitembea akasimama mbele ya mzee. Mikono ilikuwa na grisi, akaificha nyuma.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba. Naona leo kumetulia. Mpakie huyu, ndiye aliyenileta.

Kila mtu alijua kiwanja ni cha nani. Nilimwona Tumwagile kule ameshikilia mnyororo, kiti kitupu kinabembea, na injini inanguruma bure.

— Mzee wangu, nisamehe. Mwisho wa foleni ni kule, kwa Bibi Anastazia.

Mzee Kondo alimtazama Lusekelo kuanzia viatuni. Akatazama zile fimbo. Akatazama vijana wa Vidunda, wote wamesimama wima na shingo zimekakamaa. Mwishoni akatazama huku nyuma, akanikuta mimi, mwanamke anayemfahamu tangu akiwa na meno yote, nimesimama juani na mtoto anayelia.

— Anastazia, na wewe umepanga?

— Nimepanga, Kondo.

Alikuja taratibu, bakora ikichimba vumbi, na kila alipopita wale waliokuwa wamerudi nyuma wakarudi mahali pao. Alisimama nyuma yangu. Hakusema neno la kiwanja wala la msumeno. Kasichana kakamuuliza, babu, zamu yetu bado? Akanyoosha bakora juu ya bega langu, akaanza kuhesabu vichwa kwa sauti, mmoja mmoja, wa bondeni na wa mlimani, na walioguswa na hesabu walitulia kama wanaitwa majina. Ilichukua muda. Alipomaliza akaishusha bakora.

— Wewe ni wa thelathini na moja, akaniambia. Mimi ni wa thelathini na mbili.